Neno la Mwezi: CALM, utulivu uliozaliwa na jua kali

  Kama kawaida tunachukua neno moja la Kiingereza, tunalipindua huku na huku, tunatazama limetoka wapi na linatumika namna gani, halafu tunawaachia zoezi la kufanya nyumbani pamoja na watoto.

Mwezi huu neno letu ni calm. Tumelichagua kwa sababu wazazi wengi wametuuliza swali moja: "Mwalimu, ile calm wanasema kwa redio, njo amani?" Ni swali zito. Wengi wetu tuna ndugu waliobaki kule nyumbani, na tukisikia kwamba calm imerudi kijijini, moyo unaruka. Kuna anayeanza kuhesabu nauli siku hiyo hiyo. Basi neno hili tulielewe vizuri, maana mtu anaweza kufunga mizigo kwa sababu yake.

Linatamkwaje, na lina kazi gani?

Linaandikwa c-a-l-m, lakini Waingereza hawaitamki ile l. Wanasema kaam: a ndefu, halafu unafunga midomo kwa m. Usimalizie na u kama tulivyozoea kwetu. Baadhi ya Wamarekani huigusa l kidogo, nayo si kosa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalijua tayari, ni lile lile calme. Ila ile e ya mwisho tuiache upande wa Kifaransa.

Neno hili lina kazi tatu. Linaweza kuwa sifa: The lake is calm today, ziwa limetulia leo. Linaweza kuwa jina: There was calm after the rain, kulikuwa na utulivu baada ya mvua. Na linaweza kuwa kitendo: She calmed the baby, alimtuliza mtoto. Ukiongeza -ly mwishoni unapata namna ya kufanya jambo: He answered calmly, alijibu kwa utulivu. Watoto wanaojiandaa kwa mtihani waandike mifano hii minne kwenye daftari.

Limetoka wapi?

Sasa tusafiri kidogo. Kiingereza kililipokea neno hili katika karne ya 14 kutoka Kifaransa. Kifaransa kililichukua kwa Waitalia, wanaosema calma. Waitalia walilirithi kutoka Kilatini cha siku za mwisho, ambako liliandikwa cauma. Nacho Kilatini kililiazima kwa Wagiriki, waliosema kauma.

Hapo ndipo kuna ajabu. Kauma kwa Kigiriki haina maana ya utulivu. Ni joto kali, joto la jua linalochoma. Limetokana na kitendo chao kaiein, maana yake kuunguza.

Wasomaji wa Biblia wanaweza kufungua kitabu cha Ayubu, sura ya 30, mstari wa 30. Pale Ayubu analia kwamba joto limemfikia hadi mifupani. Katika Biblia ya Kilatini aliyoitafsiri Mtakatifu Jerome, zaidi ya miaka 1600 iliyopita, joto hilo limeandikwa kwa neno hili hili, cauma. Kwa hiyo neno ambalo leo Mwingereza analitumia kwa utulivu, zamani lilitumika kwa moto uliokuwa unamla Ayubu.

Joto liligeukaje kuwa utulivu? Wataalamu wa maneno wanaeleza hivi. Katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, jua la mchana wakati wa kiangazi ni kali sana. Ikifika saa ile, mkulima anaweka jembe chini. Mchungaji anapeleka mbuzi kivulini. Madirisha yanafungwa, njia zinabaki tupu, hakuna anayepiga kelele. Saa hiyo ikaitwa kwa jina la joto lake. Pole pole watu wakasahau moto wakakumbuka ule ukimya, na jina likahamia huko. Hata ile u ya zamani iligeuka l, na inadhaniwa ni kwa kuchanganywa na neno jingine la Kilatini, calere, yaani kuwa na joto.

Saa hiyo hapa kambini tunaijua sana. Saa saba mchana, shitingi ikishika moto, hata kuku wanajikunyata chini ya ukuta. Mgeni akipita atadhani kambi imehama. Watu wapo. Wanangoja jua lipungue ndipo watoke na bido zao kwenda kwenye bomba.

Kumbuka basi: calm ya kwanza haikuwa siku isiyo na shida. Jua lilikuwa bado liko juu, linachoma. Watu ndio waliokuwa wamepata kivuli.

Ndugu zake wa ukoo mmoja

Maneno yana ukoo kama watu. Kutoka kwenye kile kitendo cha Kigiriki cha kuunguza wametoka ndugu wengine, na baadhi yao mnaishi nao.

Wa kwanza ni caustic. Kina mama wa vikundi vya sabuni wanaijua soda kostiki, ile inayotaka mtu avae glavu na kukaa mbali na watoto, maana inaunguza ngozi. Kostiki maana yake ni yenye kuunguza. Ni ndugu wa calm kabisa, ila yeye amebaki na tabia ya babu.

Wa pili ni ink, yaani wino. Wagiriki walikuwa na neno enkauston, kitu kilichounguzwa ndani. Warumi wakalifanya encaustum, na likatumika kwa wino mwekundu wa zambarau ambao wafalme wao walitia nao sahihi. Likapita kwenye Kifaransa cha zamani likafupishwa, na Waingereza wakalikata zaidi mpaka likabaki ink. Kwa hiyo mtoto anapoandika neno calm kwa kalamu ya wino, ndugu wawili wamekutana kwenye karatasi bila kujuana.

Calm ya majini

Waingereza wa kwanza kulitumia sana neno hili walikuwa wakisema habari za bahari na upepo. Sisi tunaotoka kandokando ya ziwa Tanganyika au ziwa Kivu hatuhitaji maelezo mengi. Mvuvi wa usiku mwenye taa anapenda maji yaliyotulia. Upepo ukipiga, ndagala hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga, na mtumbwi unakuwa hatari. Watu wa pwani wana neno lao zuri, shwari. Kwa mvuvi huyu, calm ni chakula.

Lakini kwa baharia wa merikebu ya matanga mambo yalikuwa kinyume. Chombo chake kilisukumwa na upepo. Upepo ukikatika, anabaki pale pale, siku baada ya siku. Karibu na mstari wa ikweta kuna sehemu za bahari ambako upepo hupotea kwa muda mrefu, na mabaharia wa zamani walizihofia kuliko mawimbi. Maji ya kunywa yaliisha, chakula kiliisha, watu waliugua, na bahari imelala kama kioo. Kiingereza kina neno kwa chombo kilichokwama hivyo: becalmed, kilichofungwa na utulivu.

Mwaka 1805 ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga upepo kwa namba, kuanzia 0 mpaka 12. Namba 12 ni kimbunga. Namba 0 aliiita calm. Baadaye watu wa nchi kavu nao wakatafutiwa alama zao, na alama ya calm ni moshi: ukipanda wima moja kwa moja, hiyo ni 0. Ukilala kidogo upande mmoja huku majani hayatikisiki, hiyo ni 1. Ukiusikia upepo usoni na majani yanatikisika, hiyo ni 2. Mtoto anaweza kupima mwenyewe akiwa amekaa karibu na mafiga.

Tunaleta habari hii ya merikebu kwa sababu inatuhusu. Hapa kambini hatusikii risasi, na kwa hilo tunashukuru. Lakini kuna vijana wanaotuambia kwamba hawaelewi kwa nini wana huzuni wakati mahali ni salama. Ndugu zetu, chombo kinaweza kuwa mbali na dhoruba na bado kiwe kimekwama. Miaka inapita, kadi ni ile ile, foleni ni ile ile. Huzuni hiyo ina sababu, wala si kukosa shukrani. Mabaharia wenye akili, upepo ulipokosekana, walishona matanga yaliyochanika ili upepo ukirudi uwakute tayari. Kozi ya cherehani, kalasi ya jioni, kikundi cha sabuni: hayo kwetu ni kushona tanga.

Je, calm ni amani?

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Jibu letu fupi ni hapana. Calm ni hali ya leo. Peace, amani, ni jambo kubwa zaidi, lina sababu zake na lina makubaliano yake.

Mtangazaji anaposema kwa Kiingereza The area is calm, anasema kama Beaufort: leo moshi umepanda wima. Hajasema upepo umekwenda wapi. Watangazaji wa Kifaransa mara nyingi huongeza neno na kusema calme précaire, utulivu unaoweza kuvunjika wakati wowote. Kwa Kiingereza wanasema uneasy calm au fragile calm. Ukisikia neno dogo namna hiyo mbele ya calm, tega sikio zaidi. Na ukisikia relative calm, maana yake ni utulivu ukilinganisha na jana, na jana pengine ilikuwa mbaya sana.

Tena vitu hivi viwili havitembei pamoja kila mara. Chukueni mfano wa Burundi. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Karatasi ya amani ilikuwepo, lakini milimani mapigano yaliendelea, kwa sababu makundi mawili ya waasi hayakuwa yameingia. Moja lilikubaliana na serikali mwaka 2003, na jingine likatia sahihi ya kusimamisha vita mwaka 2006. Hiyo ilikuwa amani iliyoandikwa kabla calm haijafika. Na kinyume chake tumekiona wengi: kijiji kimya kabisa, soko linafunguliwa, na baada ya majuma mawili watu wako njiani tena na magodoro kichwani.

Kwa hiyo ukisikia calm, usikasirike na usifunge mizigo. Uliza. Shule imefunguliwa? Zahanati ina muuguzi? Nani analala katika nyumba yetu sasa, na nani analima shamba letu? Kina mama wanakwenda kuni bila kusindikizwa? Walioondoka wamerudi, au bado wanatoka? Majibu ya ndugu yako kwenye simu yatakuambia mengi kuliko neno moja la redio.

Na jambo hili kila familia ilijue: kurudi ni kwa hiari. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa nchi huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, unasema wazi katika kifungu cha 5 kwamba mkimbizi harudishwi bila kutaka mwenyewe. Aliye tayari kurudi apite ofisi inayohusika, apewe habari zote. Ambaye hayuko tayari asione haya mbele ya jirani.

Calm na kunyamaza

Kuna neno jingine linalochanganywa na calm, nalo ni quiet. Quiet ni kutokuwa na sauti. Calm ni hali ya ndani. Mwalimu akitaka kalasi inyamaze anasema Be quiet, hasemi Be calm. Mtu anaweza kuwa quiet huku ndani yake kunaunguzwa. Na mtu anaweza kuongea sana, kucheka na kuimba, na moyo wake ukawa calm.

Wazazi, hapa tunaomba mtusikilize kama walimu wa watoto wenu. Kalasini tuna watoto wa namna mbili walio kimya. Mmoja anasikiliza, ukimuuliza anajibu, mapumziko yakifika anakimbia na wenzake. Huyo ametulia. Mwingine anakaa na macho yake dirishani, akisikia mlango umebamizwa anaruka, mapumziko yakifika anabaki peke yake. Nyumbani watu wanamsifu: "Huyu mtoto ni mpole, hasumbui." Jamani, tumwangalie vizuri. Huenda si mpole, huenda ni mzigo umemkalia. Ukimwona hivyo kwa majuma kadhaa, au halali, au anakojoa kitandani na alikwisha kuacha, mwambie mwalimu wake au mpeleke kwa wahudumu wa afya. Si aibu, wala si laana.

Kiingereza kina amri maarufu, Calm down! Maana yake tulia, punguza hasira. Tumieni kwa uangalifu. Ukimwambia mtu mzima mwenye uchungu Calm down, hasa mbele za watu, anaweza kuona umemdharau na akawaka zaidi. Waingereza wenyewe walijifunza. Mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipokuwa inaanza, serikali yao ilichapisha karibu mabango milioni 2.5 yanayoanza na maneno Keep Calm, yaani kaeni watulivu, yakae tayari kwa siku mbaya. Lakini mabango mengine yaliyotangulia kubandikwa yalilalamikiwa, watu wakaona wanahubiriwa na wakubwa, na haya ya Keep Calm karibu yote hayakubandikwa. Mengi yaliharibiwa. Mwaka 2000 moja lilikutwa ndani ya sanduku la vitabu vikuukuu katika duka la kaskazini mwa Uingereza, na tangu hapo maneno yake yamejaa kwenye vikombe na tisheti. Vijana wetu wanazinunua kwenye mitumba bila kujua kwamba wamevaa bango la vita.

Tulia ni kutua

Kabla ya zoezi, tutazame neno letu wenyewe. Kiswahili kinasema tulia. Ndani yake kuna tua, yaani kuweka mzigo chini, kama mtu aliyefika na kushusha alichobeba kichwani. Waingereza walipata neno lao kutoka kwa mtu aliyekimbia jua akakaa kivulini. Sisi tulipata letu kutoka kwa mtu aliyetua mzigo.

Basi mtoto aliyebeba bido la lita 20 kichwani hatatulia kwa sababu umemwambia "Tulia!" Mtue kwanza. Shika bido, liweke chini, mpe maji ya kunywa. Na ule mzigo usioonekana unatuliwa hivyo hivyo. Kaa chini naye, usimsimamie kama askari. Sema pole pole. Muulize jambo moja tu, halafu ngoja. Kama hataki kusema, mwambie uko hapa, muendelee kuchambua maharage pamoja. Kwa Kiingereza unaweza kumwambia: I am here with you, niko hapa pamoja nawe. Maneno hayo hutuliza kuliko Calm down.

Zoezi la nyumbani

A. Jaza nafasi kwa neno moja kati ya calm, quiet na peace.
1. Please be ______, the teacher is speaking.
2. The two sides signed a ______ agreement.
3. There is no wind and the lake is ______.
4. Many patients came, but the nurse was ______.
5. My neighbour is ______, but his heart is crying.

B. Kwa siku 7, watoto watazame moshi wa jikoni asubuhi, mchana na jioni. Waandike kwa Kiingereza kila mara: The smoke goes straight up. It is calm. Au: The smoke is leaning. It is not calm. Kalasi itakayoleta majedwali mengi tutaitaja hapa.

C. Kwa watu wazima: andika sentensi tatu kwa Kiingereza kuhusu mahali au saa ambapo wewe unajisikia calm hapa kambini. Usiogope makosa, tutasahihisha pamoja.

Majibu yaletwe kalasi ya jioni, Jumatano au Ijumaa. Asiyejua kuandika amletee mtoto wake amwandikie, si vibaya. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutachukua neno home, maana nalo mmetuuliza mara nyingi.

Tunawatakia mwezi mwema.

Sisi walimu wenu wa kujitolea